Tanga hadi Paris kwa handaki la chini ya bahari: mwongozo kamili wa treni, meli na ndege

Shangazi yangu wa Chumbageni aliniuliza kama ni kweli kuna treni inayopita chini ya bahari. Nikamwambia ni kweli. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kama yale mapango ya Amboni yanayotokea Mombasa?"

Mtoto gani wa Tanga hajalelewa na simulizi hiyo? Ingia Amboni na tochi ya kutosha, utaibukia Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba njia ya Amboni haina ratiba, na hili handaki la Uingereza na Ufaransa lina ratiba mpaka dakika.

Shangazi ana binti Leicester, Uingereza, na mtoto wa kaka yake yuko Paris, na alitaka kuwaona wote kwa safari moja. Mimi nimeshavuka pale kwa treni, kwa meli na kwa ndege, kwa hiyo kazi ya kupanga niliangushiwa mimi. Niliyomwandikia shangazi ndiyo haya, nimeyanyoosha tu ili yamfae na mwingine anayetoka stendi ya mabasi ya Kange na begi lake.

Handaki lenyewe, kwa ufupi

Lina urefu wa kilomita 50 na nusu, na kilomita 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Hakuna handaki lingine duniani lenye sehemu ndefu hivyo chini ya maji. Lile la Seikan la Japani ni refu zaidi kwa jumla, karibu kilomita 54, ila chini ya bahari lina kilomita 23 tu. Upande wa Uingereza mlango uko Folkestone, upande wa Ufaransa uko Coquelles, jirani na Calais. Wachimbaji wa pande mbili walikutana chini ya bahari Desemba 1990, na tarehe 6 Mei 1994 Malkia Elizabeth na Rais Mitterrand wakalifungua.

Kwa kweli ni mahandaki matatu yaliyolala sambamba. Mawili ni ya treni, moja la kwenda na moja la kurudi, na katikati yao kuna dogo la huduma. Kila mita 375 kuna mlango wa kuingia hilo dogo. Ukumbuke hilo dogo, nitalirudia.

Shangazi akauliza lini watachimba la kutoka Raskazone hadi Pemba. Swali zuri, na jibu liko kwenye kina. Pale Dover, upande wa Uingereza, bahari ni nyembamba, kilomita 33 hivi, na maji hayafiki hata mita 70. Chini yake kuna tabaka la chokaa laini lenye udongo, linalochimbika kwa urahisi na lisilopitisha maji ovyo, nao wakalifuata hilo tabaka kama panya anavyofuata ukuta. Mkondo wetu wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi na kina cha takriban mita 800. Treni ingebidi ishuke shimo ambalo injini yoyote ingekataa. Kwa hiyo Pemba tutaendelea na boti na vindege vidogo.

Hatua ya kwanza: viza mbili

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo maana nimeitanguliza kabla ya tiketi yoyote. Uingereza haimo katika Umoja wa Ulaya wala haijawahi kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya, Ufaransa ikiwamo, zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Uingereza na viza ya Schengen, kila moja kwa maombi yake, fedha zake na alama zake za vidole. Dakika 20 za handaki zinakuvusha kutoka sheria moja kwenda nyingine.

Viza ya Schengen unaomba kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, unaomba kwenye nchi utakayoingia kwanza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifike yuro 30,000. Kukaa hakuzidi siku 90 ndani ya siku 180.

Sasa angalia idadi ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza, maana hapo ndipo mpango mzima unaweza kuvunjika. Ukitoka Dar kwenda London, ukavuka hadi Paris na kurudi nyumbani ukitokea Paris, Schengen ya kuingia mara moja inatosha. Lakini tuseme umeshukia Amsterdam ukalala siku mbili, ukaenda Uingereza, kisha unataka Paris: hapo unaingia Schengen mara ya pili. Viza ya mara moja imeshakufa. Eleza njia yako yote kwenye fomu na uombe inayolingana nayo.

Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla viza zote mbili hazijabandikwa au kuthibitishwa. Nimeona mtu amelipa kila kitu, ya Uingereza ikatoka, ya Schengen ikanyimwa.

Hatua ya pili: ndege ya mbali iingie mlango mmoja, itokee mwingine

Wakala wa tiketi atakukatia Dar–London–Dar bila kufikiri. Mwombe akutafutie ya kuingilia London na kutokea Paris, au kinyume chake. Mara nyingi bei haitofautiani sana na ya kwenda na kurudi mji mmoja, na unaokoa nauli na siku nzima ya kurudi London kuifuata ndege. Shangazi aliokoa usiku mmoja wa hoteli kwa hilo peke yake.

Hatua ya tatu: pima safari mlango kwa mlango

Watu hulinganisha dakika za katikati. Ndege kutoka London hadi Paris iko angani saa moja na robo. Treni ya Eurostar, ndiyo ile ya abiria inayopita handakini, inachukua saa 2 na dakika 20 hivi. Meli ya Dover–Calais inachukua dakika 90. Kwa hesabu hiyo ndege imeshinda, na meli imeishinda hata treni! Lakini kwani wewe unaishi uwanja wa ndege? Mtu wa Tanga anaijua hesabu hii. Kindege cha kwenda Pemba ni dakika chache, ila ongeza bajaji, kusubiri, mizani, na gari la upande wa pili.

Twende na safari ya shangazi kutoka Leicester. Treni ya Leicester inafika London St Pancras kwa saa moja na dakika kumi hivi, na St Pancras ndiyo stesheni hiyohiyo ya Eurostar. Anavuka ukumbi tu na mabegi yake. Anatakiwa awepo kama saa moja na nusu kabla, anapanda, na baada ya saa 2 na dakika 20 yuko Gare du Nord, katikati ya Paris. Jumla ni kama saa 6, mlango kwa mlango.

Kwa ndege: kufika uwanjani saa moja na nusu au zaidi, kuwepo saa 2 kabla, kuruka saa moja na robo, kisha pasipoti na kusubiri begi. Halafu bado hujafika Paris. Uwanja wa Charles de Gaulle uko nje ya mji, na treni ya RER B inachukua kama nusu saa hadi Gare du Nord, palepale ambapo wa Eurostar ameshashuka zamani. Saa 7, pengine 8.

Kwa meli, ukiwa huna gari: treni ya kasi kutoka St Pancras hadi Dover Priory ni saa moja na kidogo, halafu teksi hadi bandarini, kusubiri, dakika 90 baharini, kutoka bandari ya Calais hadi stesheni, na treni ya Paris ambayo haisubiri meli yako. Ukifika ndani ya saa 10 umebahatika.

Kwa nini basi mtu apande meli? Kuna sababu. Ndiyo njia pekee unayoyaona yale majabali meupe ya Dover, na kwa mtu wa pwani kusimama kwenye sitaha na upepo usoni si jambo dogo. Mwenye gari na familia anapumua, watoto wanakimbia. Lakini si kila meli inachukua abiria wa miguu, zipo safari zinazopokea wenye magari tu. Hakikisha kabla hujaenda Dover. Na bahari ile wakati wa baridi huchafuka. Shangazi, tangu msiba wa Spice Islander mwaka 2011, hapandi meli usiku, na sikumbembeleza.

Mwenye gari ana njia ya nne, nayo ni treni inayobeba magari kutoka Folkestone hadi Calais, LeShuttle. Wazia pantoni la Pangani kwenda Bweni: gari linaingia, linasimama, linatoka ng'ambo. Hii ni hivyohivyo, ila pantoni lenyewe ni treni na linapita chini. Dakika 35, unakaa ndani ya gari lako. Bei ni ya gari, haihesabu vichwa, hivyo familia ya watu watano wakiazima gari la ndugu wanaweza kuvuka kwa nafuu kuliko tiketi tano za Eurostar. Abiria wa miguu hapandi. Gari la gesi ya LPG halikubaliwi.

Na ya mwisho ni basi la usiku kutoka Victoria Coach Station, London. Kwa kawaida ndilo lenye nauli ya chini kuliko yote, na ni safari ya saa 8 hadi 10. Linavushwa kwa meli au kwa ile treni ya magari, na mtaamshwa usiku wa manane kuonyesha pasipoti. Kijana aliyezoea basi la Dar ataliweza. Mwenye magoti ya shangazi, hapana.

Hatua ya nne: kukata tiketi, na balaa la saa

Nauli ya Eurostar inapanda kadiri siku inavyokaribia, kama bei ya mchele Idi ikikaribia. Kata mapema, chagua katikati ya wiki, epuka Ijumaa jioni na siku za Krismasi na Pasaka. Ndege inaweza kuonekana rahisi zaidi, lakini bei ile ya kwanza mara nyingi haina begi. Ongeza begi na nauli za kwenda na kutoka viwanjani, halafu ndiyo ulinganishe.

Kadi yako ya benki iwe imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, vinginevyo mwombe ndugu wa kule alipe, umrudishie. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama pasipoti inasema Mwanaidi, usiandike Mwana Iddi.

Sasa saa. Tiketi ikisema 13:31, kwa hesabu yetu ni saa saba na dakika 31 mchana. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba muda wa kufika umeandikwa kwa saa za Ufaransa, ambazo ziko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Treni ikionekana inatumia saa 3 na dakika 20 kwenda na saa moja na dakika 20 kurudi, usidhani moja inakimbia zaidi.

Na jihadhari na ndugu waliokulia kule. Mpwa wangu wa Leicester, Kiswahili chake cha nyumbani, aliniandikia, "Mjomba, tukutane St Pancras saa tatu." Nikafika saa tatu asubuhi, nimeoga, nimevaa. Yeye alimaanisha saa tisa alasiri! Nikakaa pale saa sita nzima nikisikiliza wapita njia wakigonga piano lililowekwa ukumbini. Tangu siku hiyo tunaandikiana kwa tarakimu za tiketi tu.

Hatua ya tano: mizigo

Hapa treni inawashinda wenzake mbali sana. Kwa tiketi ya kawaida unaruhusiwa mabegi mawili, kila moja lisizidi sentimita 85 kwa urefu, na mkoba mmoja mdogo. Hakuna mizani. Hakuna kijana wa kaunta anayekufungulisha sanduku hadharani uhamishe kanga na vitenge mbele za watu. Wala hakuna sheria ya chupa za mililita 100, mafuta yako ya nazi yanapita.

Ila begi ni lako. Hulikabidhi kwa mtu, unalivuta mwenyewe, unalipandisha behewani na kuliweka kwenye rafu. Usichoweza kukibeba ngazi kumi usikipakie.

Vitu viwili vya kuangalia. Kisu chenye makali yanayozidi sentimita 7.5 hakipiti, na mbuzi ya kukunia nazi aliyotumwa mtu itazua maswali. Iache kwa binti Leicester. Cha pili ni chakula: kuingia Ufaransa ukitokea Uingereza, nyama na maziwa haviruhusiwi, tangu Uingereza itoke kwenye Umoja wa Ulaya. Hata mkate wenye nyama ulionunua palepale stesheni ule kabla hujavuka. Kopo la samli la kutoka Muheza nalo ni maziwa, maana samli imetoka wapi? Mkate wa kawaida haukuletei neno.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Fika mapema. Milango ya abiria wa kawaida hufungwa nusu saa kabla ya treni kuondoka, na ikifungwa imefungwa, hapa hakuna kumpungia dereva mkono kama Kange. Shangazi nilimwambia saa moja na nusu kabla, kwa sababu ya hili lifuatalo.

Unapitia lango kwa kuskani tiketi ya kwenye simu au karatasi, kisha mabegi kwenye mashine, kisha uhamiaji. Askari wa Ufaransa wako palepale London. Ukishapita mbele yao, umeshaingia Ufaransa kwa mujibu wa karatasi, hata kama miguu bado iko Uingereza. Ndiyo raha ya njia hii, ukishuka Paris hakuna foleni, unatoka moja kwa moja mtaani. Wa meli ya Dover naye hukaguliwa na Wafaransa Dover. Wa ndege hukaguliwa akishatua, akiwa amechoka, pamoja na mamia ya ndege nyingine.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kusajili wageni kwa kompyuta wanapoingia na kutoka, na picha ya uso inapigwa. Mara ya kwanza inachukua muda. Uwe na karatasi zako mkononi, zisiwe chini ya begi: barua ya mwenyeji au hoteli, tiketi ya kurudi, bima. Wakikuuliza, jibu kilichoulizwa. Shangazi aliulizwa anakwenda kwa nani akaanza kueleza ukoo tangu Pangani.

Ndani ya handaki

Utasubiri kitu kitokee, na hakitatokea. Treni inakimbia kilomita 300 kwa saa kwenye nchi kavu, kisha inapunguza hadi 160 kuingia handakini. Aliyepanda SGR ya Dar–Dodoma ameshaionja kasi hiyo, kwani ndiyo kasi yake ya juu. Masikio yanaziba kidogo, meza mate. Dirishani ni giza. Huoni samaki, na hata watu wazima huuliza. Uko ndani ya mwamba, mahali pa chini kabisa ni mita 75 chini ya sakafu ya bahari. Baada ya dakika 20 hivi mwanga unaingia na simu inakukaribisha Ufaransa.

Hofu ya moto na maji ni halali. Novemba 1996 treni iliyobeba malori iliwaka moto humo ndani, na watu wote 34 waliokuwamo walitoka hai kupitia lile handaki dogo la katikati, ambalo hewa yake husukumwa kwa nguvu zaidi ili moshi usiingie. Mwaka 2008 moto mwingine, watu wakatoka vilevile. Maji nayo yalisimamisha treni zote tarehe 30 Desemba 2023, lakini hayakuwa ya bahari. Yalijaa kwenye handaki la reli linalopita chini ya mto Thames, karibu na London. Na Desemba 2009 treni tano zilizimika handakini kwa sababu ya theluji iliyoingia kwenye mitambo, abiria zaidi ya 2,000 wakakwama kwa saa nyingi. Ndiyo maana safari ya Desemba naipakia maji, biskuti na chaja, na siunganishi ndege ya Dar siku hiyohiyo. Lala Paris usiku mmoja.

Ikichelewa, dai chako. Treni ikichelewa zaidi ya saa moja unastahili kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, na asilimia 50 ikizidi saa 2. Kwa ndege fupi kama hii, ukichelewa kufika kwa saa 3 au zaidi kwa kosa la shirika, fidia ni yuro 250 au pauni 220. Hali mbaya ya hewa haihesabiki. Tunza tiketi na piga picha ubao wa stesheni. Mimi kampuni moja ilinizungusha wiki sita, nikawatumia picha ya ubao, wakalipa.

Ukishuka, na ukirudi

Gare du Nord ina pilikapilika kuliko soko la Ngamiani siku ya mwisho wa mwezi, na wezi wa mifukoni wamo. Mkoba mbele. Watakaokufuata wakisema "teksi, teksi" ndani ya stesheni usiwafuate, foleni rasmi ya teksi iko nje na ina alama. Badilisha fikra za fedha pia, pauni za London hapa ni karatasi, ni yuro.

Ukiwa unarudi London kwa treni, viza yako ya Uingereza iwe inaruhusu kuingia tena, na siku zake zisiwe zimekwisha. Safari hii unakutana na Wafaransa wanaokutoa na Waingereza wanaokuingiza, wote wawili palepale Paris, hivyo foleni ni ndefu zaidi kuliko ya kwenda. Na usiitafute chini: London ukaguzi uko chini, treni ziko juu, Gare du Nord ukaguzi uko ghorofani, na treni unazishukia. Shangazi aliizunguka stesheni nzima na begi lake kabla hajainua macho akaiona ile ngazi.